Baluni ya barafu moyoni mwangu, na baluni ya mama mdogo

Mama mdogo aliposikia nimegandishwa moyo alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani bando limeisha. Alafu akauliza taratibu, "Mwanangu, wamekugandisha na wewe u hai?" Nikamwambia ndio mama mdogo, nikiwa hai, tena nilikuwa nawasikia wanavoongea. Akasema la ilaha illallah, akampa simu mjukuu wake, akaenda kukaa.

Tokea siku hiyo kila mtu wa nyumbani Tanga ananiuliza swali hilohilo kwa namna yake, wengine wananitumia voisi saa nane za usiku kwa saa za huku, na wawili wameniambia na wao moyo unawaruka nikawaulizie bei. Kwahiyo leo ni siku yangu ya kupumzika nimeamua niandike lote kuanzia mwanzo. Hasa kwa ajili ya mama mdogo, maana na yeye ana ugonjwa wa moyo kupiga ovyo wenye jina hilohilo kama langu, na mwanzoni hata mimi sikuelewa kwanini tiba yangu isiwe tiba yake.

Kwanza, moyo hawagandishi wote. Moyo wangu ulipiga muda wote. Kinachogandishwa ni pete nyembamba ya nyama kwenye midomo ya mishipa inayoleta damu moyoni kutoka kwenye mapafu, ambayo kwa watu wengi iko minne. Nitafika huko.

Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, hapa Mississauga, Kanada. Unamwamsha mtu, unamwogesha, unampima presha na joto na mapigo, unaandika kwenye fomu, unaenda kwa mwingine. Mapigo nilizoea kuhesabu sekunde 15 alafu nazidisha mara 4, na asubuhi una wazee wengi wa kuamsha kabla ya chai utafanyaje, ndo unavofanya. Nalisema hili mapema kwasababu ndo lilonifanya nichelewe kujijua mwenyewe. Ukihesabu sekunde 15 na mkono wa mtu unaenda ovyo, unaweza ukaangukia kipande kilichonyooka ukaandika 76 na ukaendelea zako.

Ilianza Novemba 2022. Natoka shifti ya jioni, niko kituo cha basi, baridi ile ya kwanza ya mwaka, ghafla kifuani kukawa na kitu sijawahi kukisikia. Moyo kwenda mbio naujua, ukipanda ngazi unakwenda mbio, ukipata habari mbaya unakwenda mbio. Huu haukuwa mbio. Mnajua dagaa wakishushwa sasa hivi, wako kwenye tenga bado wazima, wanavorukaruka kila mmoja kivyake na tenga lote linatikisika? Ndo hivo. Nikakaa kwenye benchi, miguu imelegea, pumzi fupi, ikaendelea kama dakika arobaini alafu ikakata yenyewe kama mtu aliyezima swichi.

Nilienda kliniki mara tatu ndani ya miezi saba. Mara zote tatu nafika imeshakata, wananifunga waya za ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, karatasi inatoka safi. Daktari wa kwanza akasema ni mawazo. Wa pili akasema ni umri wangu, nina miaka 54, hedhi inakoma, ni kawaida. Wa tatu akanipa karatasi ya mazoezi ya kupumua. Mashine ilisema kweli, muda ule moyo ulikuwa sawa, lakini hakuna hata mmoja aliyesema basi vaa mashine uende nayo nyumbani tuukamate ukikosea. Lile liliniuma na bado linaniuma, maana miezi saba ni mingi kwa ugonjwa ambao unaweza kukupoozesha upande mmoja ukiwa unapika.

Aliyenigundua ni bibi mmoja ninayemtunza. Alikuwa nesi zamani, miaka mingi sana. Siku hiyo namfunga vifungo vya blauzi, dagaa wakaanza, nikasimama kidogo nishike kitanda. Yeye hakuuliza kitu. Akanishika mkono, akaweka vidole vitatu hapa chini ya kidole gumba, akageuza macho kwenye saa ya ukutani akaanza kuhesabu kimya midomo inachezacheza. Nikataka kuutoa mkono nimwambie sina kitu, akaukaza. Hakuishia sekunde 15. Alihesabu dakika nzima, na vile vidole vyake vimepinda kwa uzee vilikuwa vimetulia kuliko vyangu. Akaniambia, wako hauna mpangilio kabisa, nenda sasa hivi, usisubiri kuisha shifti. Msimamizi akaita gari, nikafika emajensi bado dagaa wanaruka, na safari hii karatasi ya ECG ikanasa kila kitu. Mapigo 148 kwa dakika na hakuna mawili yaliyopishana sawa.

Jina lake ni fibrilesheni ya atria, huku wanaifupisha AF. Moyo una vyumba vinne, viwili juu viwili chini. Vya juu ndo atria. Kwa kawaida kuna sehemu moja juu upande wa kulia inatoa umeme, vya juu vinakaza, umeme unashuka, vya chini vinakaza, mpangilio mmoja kama ngoma na mwitikiaji. Kwenye AF umeme unazagaa vyumba vya juu kutoka kila upande, zaidi ya mara 300 kwa dakika, nyama inatetemeka tu badala ya kukaza. Bahati kuna kama geti katikati ambalo haliruhusu yote ishuke, inashuka baadhi, tena ovyoovyo, ndo maana mkononi unasikia pigo, pigo, kimya, pigopigo, kimya kirefu.

Sasa hatari yake kubwa watu hawaijui. Wanaogopa moyo utasimama. Kitu cha kuogopa zaidi ni kwamba chumba kinachotetemeka hakisukumi damu vizuri, na upande wa kushoto kuna kifuko kidogo kama sikio, damu inatuama mule, ikituama inaganda, bonge likichomoka linapanda kichwani. Hicho ndo kiharusi. Mwenye AF uwezekano wake wa kupata kiharusi ni kama mara tano ya asiyenayo. Na wengine hawasikii chochote, hakuna dagaa hakuna nini, wanajua wana AF siku wameshapooza. Jamani hapo ndo nafikiria wazee wetu wangapi tumesema "alianguka tu ghafla".

Nikapewa apiksabani ya kuzuia damu isigande na bisoprololi ya kupunguza kasi, baadae wakaongeza flekainidi ya kushika mpangilio. Miezi michache afadhali. Alafu zikaanza kurudi, mara moja kwa wiki, mara mbili, moja ilidumu saa kumi na moja, na flekainidi nikiinuka haraka naona giza. Nikawa naogopa kumnyanyua mzee kitandani peke yangu nisije nikaanguka nae. Mwanzoni mwa 2024 daktari bingwa wa moyo, huyu wa umeme wa moyo hasa, ndo akatoa karatasi nyeupe akachora.

Alichora chumba cha juu cha kushoto kama chungu, na mishipa minne inaingia kwa nyuma, miwili kila upande, kutoka mapafuni. Akaniambia zamani walidhani AF inaanzia popote. Mwaka 1998 timu ya Michel Haïssaguerre kule Bordeaux, Ufaransa, walitoa kazi yao kwa wagonjwa 45, wakafuatilia zile cheche zinazowasha AF zinatokea wapi, na 94% zilikuwa mule ndani ya mishipa ya mapafu. Yani nyama ya moyo imeingia kidogo ndani ya mishipa kama kitambaa kilichokunjiwa ndani ya mkono wa shati, na kile kipande ndo kinachotoa cheche. Kwahiyo badala ya kuhangaika na moyo mzima, zungushia kila mdomo wa mshipa kovu, kovu halipitishi umeme, cheche zitabaki mule ndani zikiwaka zisimfikie mtu. Mimi nikamuona yule Mfaransa kama mtu aliyesikia kelele nyumba nzima kumbe zinatoka chumba cha uani.

Kovu hilo unaweza kulitengeneza kwa moto, ncha ya katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa mpaka moyoni, inapashwa joto kwa mawimbi ya redio unachoma nukta kwa nukta mpaka duara lifunge. Au kwa baridi. Madaktari wa upasuaji walikuwa wakitumia baridi moyoni tangu miaka ya 1970, lakini kifua kikiwa wazi. Kuipitisha kwenye mshipa ndo ilikuwa kazi, na hapa nilishtuka kwa furaha maana baluni ndogo ya kugandishia, ambayo ndo inapitishwa humo, imetengenezwa na kampuni ya Montréal, CryoCath, saa kama sita kwa gari kutoka hapa ninapokaa. Ulaya iliruhusiwa 2005, Marekani Desemba 2010, na katikati hapo mwaka 2008 Medtronic, kampuni kubwa ya vifaa vya hospitali, wakainunua. Kabla sijaugua nimepita Montréal kwenye harusi mbili na sikujua kitu.

Baluni hiyo ikijazwa upana wake ni milimita 28, kuna na ya 23, kama ndimu ndogo. Ndani yake wanaingiza naitrasi oksaidi ikiwa kimiminika, gesi ileile ya madaktari wa meno, ikifika ndani inageuka mvuke, na kitu kikigeuka mvuke kinavuta joto kutoka pembeni yake, ndo vilevile spiriti inavokupoza mkono kabla ya sindano ila hii ni kali mno. Inashuka nyuzi 40, 50 chini ya sifuri. Nyama iliyogusana na baluni inaganda, maji ndani ya chembe yanakuwa barafu, barafu inavunja chembe. Nilipomuelezea dada nilimwambia weka nyanya friza mpaka igande, itoe iyeyuke, ganda litakuwepo umbo litakuwepo lakini ndani imekufa. Ndo hivo hivo, ukuta wa mshipa unabaki haujatoboka, ila umeme hauwezi kupita tena.

Daktari hakunificha kitu kuhusu matokeo. Kuna utafiti wa hukuhuku Kanada, EARLY-AF, uliotoka Novemba 2020, watu 303 ambao walikuwa hawajaanza hizi dawa za kushika mpangilio, nusu wakagandishwa kwanza nusu wakapewa dawa, na wote wakawekewa kimashine chini ya ngozi kinachorekodi usiku na mchana. Baada ya mwaka, wa dawa 67.8% mapigo mabaya yalikuwa yamerudi, waliogandishwa 42.9%. Nikamwambia daktari mbona hata hawa ni wengi? Akasema ndio, lakini kimashine kinahesabu hata sekunde 30, na watu walioisikia kweli wakaumwa ni wachache zaidi, 11% dhidi ya 26%. Nilipenda alivoniambia hivo, namba zote mbili, nzuri na mbaya, nikaenda nazo nyumbani nikalala nazo. Kuhusu moto na baridi ipi bora, akasema walishindanishwa Ulaya kwa wagonjwa zaidi ya 700, majibu yakatoka 2016, wakalingana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya Mei. Sijala tokea usiku wa manane. Asubuhi walinipitisha ile eko ya kumeza, eko ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mpira wenye kipimo unashuka kooni waangalie kile kifuko kama sikio hakina damu iliyoganda, maana wakikuta bonge hawaingii. Hakikuwa na kitu. Wakanihamishia chumba cha katheta, kina baridi kweli, mashine kubwa ya eksirei inazunguka juu yako kama mkono, watu wamevaa aproni nzito za madini ya risasi. Hospitali nyingine wanakulaza kabisa, mimi nilipewa dawa ya usingizi mwepesi, unaelea, unasikia sauti, unasahau, unasikia tena.

Wanaingilia kwenye kinena, mshipa wa damu wa paja, wanauangalia kwa altrasaundi ndo wanachoma. Mrija unaopitisha baluni una unene wa kama milimita 5. Unapanda mpaka chumba cha juu cha kulia, lakini kazi iko kushoto, kwahiyo wanatoboa tundu dogo kwenye ukuta unaogawa vyumba viwili. Nilipoambiwa hili kabla nilikosa usingizi siku mbili, nikauliza na tundu litazibwa na nani? Linaziba lenyewe kwa watu wengi ndani ya miezi. Damu wanaizuia isigande kwa heparini muda wote.

Baluni inajazwa, inasukumwa iketi kwenye mdomo wa mshipa kama kizibo kwenye chupa. Wanarusha dawa ya rangi kidogo waone kwenye eksirei inavuja au haivuji. Ikivuja baluni haijakaa sawa, wanairekebisha. Ikikaa, wanafungua gesi.

Nikasikia mtu anasoma namba kwa sauti ya kawaida kabisa kama anasoma bei sokoni. Hasi ishirini. Hasi thelathini na moja. Hasi arobaini na mbili. Alafu kichwa, hapa kwenye paji la uso katikati ya macho, kikauma vibaya, uchungu uleule wa kumeza barafu ya ukwaju kwa pupa ulipokuwa mtoto. Nikasema kichwa, kichwa, nesi akaniinamia akasema tunajua, wengi wanapata, baluni ikipata joto kitaacha. Na kweli dakika tatu zikaisha, kikaacha. Kwenye mshipa wa pili nilikohoa. Wanasema na hiyo ni baridi.

Kitu ambacho kimenibakia ni mishipa ya upande wa kulia. Karibu sana na pale unapita mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo, ule msuli chini ya mapafu unaotufanya tuvute pumzi. Ukigandishwa nao, nusu ya kiwambo inalala. Kwenye ule utafiti wa Ulaya ilitokea kwa 2.7% ya waliogandishwa, na karibu wote ulirudi ndani ya mwaka, lakini wewe mtu unalala unawaza mbona nisiwe huyo wa kwenye nukta saba. Basi wanachofanya, wanaweka katheta nyingine juu ya pale walipo, inaushtua ule mshipa wa fahamu kwa umeme mdogo, tumbo linaruka kama kwikwi, kwi, kwi, kwi, moja baada ya nyingine, na nesi anaweka mkono wake juu ya tumbo lako, hapa chini ya mbavu kulia. Hakuangalia skrini. Alikuwa ameinamisha kichwa macho ameyafumba nusu, kiganja kimetulia, anasikilizia kila ruko lina nguvu ileile au linafifia. Likififia tu anasema na wanazima papohapo, nyama inayeyushwa kabla haijafa.

Nilikuwa nusu usingizini lakini ule mkono niliujua. Ulikuwa mzito na wa moto. Mashine zote zile, chumba kizima cha skrini, na kinacholinda pumzi yangu ni kiganja cha mama mmoja anayehesabu. Nikamkumbuka yule bibi wangu na vidole vyake vitatu, machozi yakanitoka, daktari akauliza kama naumwa nikasema hapana.

Mshipa wa nne ulichukua mara mbili, mara ya kwanza umeme ulikuwa bado unapita. Hilo wanaliona kwa kiwaya kama kitanzi kinachotangulia mbele ya baluni ndani ya mshipa, kinasoma cheche, na ugandishaji ukishika cheche zinapotea kwenye skrini. Kuna mtu alisema "imekwenda", kwa sauti ndogo, na chumba kikanyamaza kidogo.

Ilichukua kama saa mbili. Alafu saa sita nimelala chali mguu umenyooka, kinena kimekandamizwa. Usiku nikalala hapo, kesho yake nyumbani na jeraha la damu chini ya ngozi, jeusi, likageuka kijani, likageuka njano. Wiki mbili sikunyanyua mtu wala ndoo.

Sasa siku ya tisa dagaa wakarudi. Saa mbili nzima. Nililia peke yangu bafuni, nikaona basi imeshindikana. Nikapiga simu, nesi wa kliniki akaniambia miezi miwili mitatu ya mwanzo haihesabiwi, nyama imevimba, imekasirika, inapona, ikikosea sasa hivi haimaanishi imekosea milele. Walinieleza hilo kabla, lipo hata kwenye karatasi, lakini mtu ukiwa unaogopa husomi karatasi. Zilirudi mara tano kati ya Mei na Julai, kila mara fupi zaidi. Tangu Agosti sijazisikia.

Na hapa nikafanya kosa ambalo naomba mtu mwingine asilifanye. Nilivoona nimetulia, mwezi wa tisa nikaacha apiksabani. Sikumwambia mtu. Siku nne. Nilikuwa nimechoka kula vidonge viwili kila siku na nikajiambia moyo umeshatengenezwa dawa ya nini. Nilipotaja tu kwa bahati kwenye simu ya kliniki nesi sauti ikabadilika. Akanieleza, kugandishwa kunatuliza mapigo, uamuzi wa dawa ya damu unafuata hatari yako wewe, umri wako, una presha au huna, sukari, umewahi kiharusi. Mimi nina presha. Na AF inaweza kurudi kimyakimya usiisikie. Miezi ya kwanza ndo kabisa, kila aliyegandishwa lazima anywe, baada ya hapo daktari ndo anaamua, sio wewe na kabati lako. Nikarudi siku hiyohiyo.

Pia waliniambia, na naandika kwasababu mtu anaweza akasahau: ukipata homa, maumivu ya kumeza, kutapika damu, kushindwa kuongea au kunyanyua mkono, hata kama zimepita wiki tano sita, nenda emajensi na sema neno la kwanza kabisa kwamba uligandishwa moyo. Umio, bomba la chakula, liko nyuma tu ya chumba kile. Kuumia kwake ni nadra sana lakini ikitokea ni kubwa, na daktari wa zamu asiyejua anaweza akakwambia umeze mpira wa kupimia tumbo wakati ndo kitu kisichotakiwa.

Haya, mama mdogo.

Alipotulia ile siku ya simu alipiga tena mwenyewe usiku. Akasema, "Mwanangu, na mie si ndo ugonjwa huohuo daktari kaandika? Niulizie hiyo baluni, shamba la Pongwe tunaliuza." Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitauliza.

Nikauliza, nikiwa na picha za karatasi zake kwenye simu. Daktari wangu alizisoma taratibu alafu akaniuliza, alipokuwa mtoto aliwahi kuumwa koo sana na viungo kuvimba? Nilijua jibu, tumesimuliwa, alikuwa na miaka tisa, magoti yalivimba akabebwa mgongoni kwenda shule, watu wakasema ni baridi yabisi tu itapita. Ilipita magotini. Vijidudu vya koo vilivoachwa bila dawa, mwili ukapigana navyo ukajeruhi na valvu ya moyo, mlango kati ya chumba cha juu cha kushoto na cha chini, ukajikunja miaka na miaka mpaka sasa unafunguka kidogo tu kama mdomo wa samaki. Damu inarundikana juu, chumba kinatanuka, nyama inapata makovu, na AF inazaliwa humo. Haikuanzia kwenye mishipa ya mapafu kama yangu. Ukimzungushia mishipa barafu, mlango bado umebana, chumba bado kimetanuka, utakuwa umeziba tundu la paa wakati maji yanatoka chini.

Hata dawa zetu za damu haziwi sawa. Mie niliwahi kufikiria nimtumie apiksabani zangu, maana hazina shida ya kupima damu kila mara. Nashukuru sikutuma. Kwa aina yake ya moyo, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, watu zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, watu wa kwetu hasa, walilinganisha wafarini ya zamani na mojawapo ya hizi mpya, rivaroksabani, na waliokunywa wafarini ndo waliokufa wachache. Kwahiyo ile wafarini yake anayoilalamikia, na safari za kwenda kupima INR, kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kila mwezi ikae kati ya 2 na 3, ndo inayomweka. Kisamvu na mchicha asiache, ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, asile mwezi mzima samaki na wali alafu siku moja ale sufuria zima la matembele.

Lakini kuna baluni nyingine, na hii ndo iliyonifanya nimpigie saa kumi na moja alfajiri ya kwake. Ni ya zamani kuliko yangu, ya daktari wa Kijapani Kanji Inoue, miaka ya 1980. Haina baridi. Nayo inapitia kinena, inatoboa ukuta uleule kama nilivotobolewa mie, inaingia kwenye ule mlango uliobana, inajazwa kwa nguvu sekunde chache, mlango uliogandamana unaachana. Sio kila valvu inafaa, ikiwa imekakamaa chokaa au inavuja sana hawaigusi, lazima eko nzuri kwanza. Nikamwambia mama mdogo, shamba usiuze bado. Mwambie daktari wako neno hili moja, kama valvu yangu inafaa kupanuliwa kwa baluni. Alirudia mara tatu ili asisahau, akamwandikisha mjukuu kwenye daftari la hesabu.

Daktari wa huko hakumcheka wala hakumfokea, Mungu ambariki. Kaandika rufaa, Alhamisi hii mama mdogo anapanda basi la asubuhi kwenda Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kufanyiwa eko.

Jana nilipiga video. Mjukuu yuko kidato cha pili, nimemfundisha kuweka vidole vitatu, na nimemwambia dakika nzima, usinipe za sekunde 15. Mama mdogo kakaa kwenye mkeka mkono kaunyoosha, mtoto anaangalia saa ya ukutani midomo inachezacheza. Tukakaa kimya sote, mie huku na chai yangu inapoa.

"Themanini na nane," akasema mtoto. Alafu akaongeza, "Lakini shangazi, kuna zingine ndogo sana, sijui nizihesabu?"

Nikamwambia mwekee bibi mkono kifuani, anza upya.